Nyuzi 14 za Kipupwe na Lori Lisiloamka

 

Leo nataka tuzungumze juu ya sauti moja tu. Wanaokaa Isevya, Kiloleni na Ng'ambo, hapa Tabora mjini, wanaijua. Ni mwezi wa sita au wa saba, saa 12 kasorobo alfajiri. Adhana imekwisha, giza bado, mama wa vitumbua ndiyo kwanza anachochea jiko lake. Mara kutoka chini ya mwembe wa jirani stata inalia: ngu-ngu-ngu-nguu. Kimya. Ngu-nguu-nguuu. Kimya. Kila inaporudi inalia polepole zaidi, kama mtu anayepanda kilima na gunia kichwani, na wewe uliyejifunika blanketi unahesabu pamoja na dereva, ukijua kabla yake kwamba mara ya sita haitakuwapo. Kisha unasikia mlango wa kabini ukibamizwa, na sauti ya mtu mzima ikimwambia mtoto wa watu: nenda kaokote kuni.

Ni hizo kuni zilizonileta hapa leo.

Nina kovu mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Nililipata nikiwa na miaka 17, utingo wa lori la tumbaku, asubuhi moja ya Julai kwenye barabara ya Urambo. Dereva wangu hakuwa mtu mbaya. Alinilisha, alinifundisha kazi, aliniita mdogo wake. Lakini siku ile alikuwa na marobota ya tumbaku nyuma yake, tajiri aliyekuwa akimsubiri, na injini iliyogoma tangu alfajiri. Akaniambia niwashe moto chini ya bakuli la oili, ili oili ilainike. Nikakusanya kuni, nikawasha. Chini ya lori lile kulikuwa na oili iliyovuja mwaka baada ya mwaka ikashikamana na vumbi, na juu yake mpira wa dizeli uliokuwa ukitoka jasho. Moto haukukaa pale nilipouweka. Lori lilipona, tumbaku ilipona, mimi nikalala hospitali wiki kadhaa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kuwa dereva na kisha fundi, ndipo nilipoelewa kwamba moto ule haukuwa na kazi yoyote ya kufanya pale. Oili ya lori lile haikuwa imeganda. Baridi haikuwa mkosaji.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kilele cha kipupwe, alfajiri yetu hushuka hadi nyuzi 14 au 15. Kwa ngozi zetu hiyo ni baridi: sweta zinatoka masandukuni, watoto wanaota jua ukutani kabla ya kwenda shule. Kwa injini ya dizeli iliyo nzima, hiyo ni asubuhi kama asubuhi nyingine. Wapo vijana wa Afrika Mashariki wanaoendesha malori Kanada, miji kama Edmonton na Winnipeg, ambako Januari baridi huweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Kule gari likilala huchomekwa kwenye umeme kama mtu anavyochaji simu, kwa sababu ndani ya injini kuna hita inayopasha maji usiku kucha. Hata dizeli inayouzwa majira ya baridi ni nyingine, imetengenezwa isigande. Kule lori likikataa kuamka, baridi ni ya kulaumiwa kweli. Hapa kwetu dereva akiniambia, "Fundi, ni baridi tu hii, jua likitoka litawaka," namjibu kwamba lori lake linaumwa. Baridi imeusema tu ugonjwa wake.

Ngoja nieleze kwa nini nasema hivyo, na wale ambao hawajawahi kushika spana wasiogope, ni jambo jepesi.

Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Ya dizeli haina. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilipimwa na kukubalika pale Augsburg mwaka 1897, aliijenga juu ya jambo ambalo kila aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono analijua: ukiibana hewa, inapata moto. Shika ile pampu chini kabisa baada ya kujaza tairi mbili utaona. Ndani ya silinda ya lori hewa hubanwa ikawa ndogo mara 16 hadi 20, joto likapanda kupita nyuzi 500, na hapo ndipo nozeli inapopuliza dizeli kama ukungu. Dizeli ikikutana na joto la nyuzi 250 hivi inashika moto yenyewe. Hebu tazama akiba iliyopo hapo. Injini nzima ikianza na hewa ya nyuzi 14 badala ya nyuzi 30 za mchana, bado inabakiwa na joto la kutosha na kusaza.

Sasa chukua lori la miaka 30. Ringi zimelika, hewa inapobanwa, sehemu yake inapenya pembeni mwa pistoni na kuondoka na joto lake. Mafundi tunasema gari halina kompresheni. Valvu hazikai sawa. Nozeli badala ya ukungu inatoa matone. Betri imechoka, inaizungusha injini kivivu, na kila nukta inayopita chuma cha silinda kinanyonya lile joto tunalolitafuta. Mchana, hewa ikiingia na uvuguvugu wake na chuma chenyewe kikiwa kimepigwa na jua, joto linatosha kwa tabu na lori linawaka. Alfajiri joto linapungua kidogo tu, na kidogo hicho ndicho peke yake kilichokuwa kimebaki. Ndiyo maana mwenye lori anaiona baridi, haoni ringi.

Kuna watu watanijibu kwamba mwenye lori kuukuu hana la kufanya, amelinunua likiwa limekwisha choka. Najua. Urambo imeshaona hayo kwa kiwango kikubwa kuliko lori moja. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa haraka zao wakakusanya matrekta yaliyosalia kutoka Vita Kuu ya Pili, mengi yakiwa yamechakaa kabla hayajakanyaga udongo wetu. Mwaka 1951 mpango ukafa, na ardhi ile ya Urambo ikaja kuwa ya tumbaku. Ulikuwa na sababu nyingi za kufa, mvua na udongo zikiwamo, lakini mimi kila nikisikia habari zile nawafikiria mafundi waliokabidhiwa mashine ambazo hakuna aliyewaambia zimepitia nini. Mwenye lori wa leo yuko vilevile. Amenunua chuma ambacho hakuambiwa kimetoka wapi. Lakini chuma hicho kinasema chenyewe, na saa yake ya kusema ni alfajiri, kabla hakijapata joto.

Kipupwe kilichopita alikuja kwangu dereva mmoja kijana, na lori la tani 10 lenye umri unaompita yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linasemaje?"

"Mchana halina neno, mzee. Asubuhi ndiyo kazi. Nimebadilisha betri zote mbili, nimenunua stata, bado. Ni baridi tu hii."

Nikamwambia alilaze hapo kwangu na asiliguse hadi alfajiri. Injini ikiwa ya moto hairudii kosa lake mbele ya fundi. Saa 11 na nusu tulikuwa watu watatu chini ya mwembe: yeye, utingo wake na mimi. Utingo alikuwa mtoto wa miaka 18 hivi, koti la mtumba limempwaya, na alikuwa amekwisha panga kuni kando ya tairi la mbele. Hakuna aliyemwagiza. Ndivyo alivyozoea. Nikaziangalia zile kuni, nikaangalia mkono wake, nikamwambia aziache pale aende nyuma akatazame bomba la moshi. Kazi yake iwe moja: aniambie anaona nini.

Mimi nikaushika waya mnene wa betri. Dereva akapiga stata sekunde 10, akaacha kama nilivyomwagiza.

Injini ilizunguka vizuri, kwa kasi, kama kijana anayeruka kamba. Waya mkononi mwangu haukupata joto.

"Moshi?"

"Hakuna, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hata harufu ya dizeli hakuna."

Wapenzi wasikilizaji, hapo palitosha. Betri zake mpya na stata yake mpya havikuwa na kosa, wala hata zile za zamani huenda hazikuwa nalo. Injini inayozunguka vizuri bila kutoa moshi wowote haijapata mafuta. Hakuna cha kuwaka ndani yake, na ungeichomekea jua zima isingewaka. Nikafungua ile skrubu ndogo juu ya filta ya dizeli, nusu mzunguko, nikamwita utingo apige pampu ya mkono. Akapiga. Kilichotoka kwanza kilikuwa upepo mtupu, kikilia kama maji yanayochemka sufuriani. Akapiga tena, likaja povu jeupe. Akapiga mpaka mkono ukamchoka, povu likapungua, likawa vitone vyenye mapovu, halafu dizeli safi, laini, bila hata povu moja. Nikaifunga skrubu pale pale ikiwa bado inatoka. "Piga stata." Likawaka papo hapo.

Baridi ilikuwa ileile. Zilikuwa zimepita dakika 10.

Tulilizima tukatafuta mlango wa upepo. Ulikuwa kwenye wosha ya shaba pale bomba la kutoka tangini linapoingia kwenye pampu. Wosha ile ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa mara nyingi mpaka ikakakamaa na kuwa na makovu, haifungi tena. Dizeli haikuvuja hata tone, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Upepo ulikuwa unaingia ndani. Usiku kucha, polepole, dizeli ilikuwa ikirudi tangini na kuacha bomba tupu. Mchana dereva akizima nusu saa kula wali, haipati muda wa kurudi, ndiyo maana mchana lori halikuwa na neno. Kijana alikuwa ametumia faida ya safari nzima kununua betri na stata kwa sababu ya kipande cha shaba kisichojaza kiganja cha mtoto.

Nataka dereva yeyote anayenisikia ayachukue haya matatu: sikio, mkono na jicho kwenye bomba la moshi. Likizunguka vizuri bila moshi, mafuta hayafiki. Tafuta upepo kwenye njia ya dizeli, au filta iliyoziba, au maji. Likizunguka vizuri likatoa moshi mweupe mzito unaokera macho kwa harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayakuti joto la kuyawasha. Hapo ndipo kwenye habari ya ringi, valvu, nozeli na mpangilio wa pampu, na kama ni gari lenye hita za kwenye silinda, zile huenda zimekufa. Mwenye lori hilo anahitaji fundi na fedha, sitamdanganya mtu. Lakini likizunguka kivivu, usiguse pampu wala nozeli. Anzia kwenye umeme.

Na hapo kwenye umeme mkono wako una kazi. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, kweli: ikifika nyuzi sifuri inakuwa imepungukiwa na karibu thuluthi moja. Kwa nyuzi 14 za Tabora upungufu ni mdogo. Kinachotuua zaidi ni ule unga mweupe na wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri kama ukungu kwenye mkate. Unasomba nguvu kabla haijafika kwenye stata. Piga stata sekunde 10, halafu shika vichwa vya betri, shika waya wa chanya, shika waya wa hasi pale unapofungwa kwenye chesisi na pale unapotoka kwenye injini. Penye moto ndipo umeme wako unapopotelea. Kina mama wanaolainishia maharage kwa magadi wana dawa ya vichwa vya betri jikoni mwao: maji ya moto na magadi kidogo, sugua kwa mswaki uliochakaa, usiyaache yaingie ndani ya betri, suuza, kausha, kaza, pakaa grisi. Lori lenye volti 24 lina betri mbili zilizoungana. Ikifa moja, nzima itaangushwa na mwenzake, kwa hiyo pima kila moja peke yake. Betri ya volti 12 iliyolala vizuri na kujaa husoma 12.6. Ukiona 12.2, iko nusu.

Liko jambo la oili nalo. Wapo wanaoweka oili nzito kupindukia ili kuficha moshi wa injini iliyochoka. Moshi unapungua, ndiyo, na alfajiri stata inazungusha uji. Soma kopo: oili iliyoandikwa 15W-40 ni nyepesi injini ikiwa baridi na inabaki na uzito wa 40 ikipata moto. Ile iliyoandikwa 40 tu ni nzito tangu asubuhi.

Sasa niseme yale yanayonifanya nishindwe kunyamaza.

La kwanza ni kitambaa cha petroli. Mtu anafungua chujio la hewa, analoweka kitambaa, anakiweka kwenye mdomo wa injini, mwenzake anapiga stata. Wengine wana kopo la kupuliza, lile la dawa kali inayoshika moto haraka. Lori linawaka, watu wanashangilia. Lakini ule mvuke haungoji zamu yake. Unalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, unaipiga kichwani kama nyundo, na ringi zilizokuwa zimechoka zinavunjika. Kesho lori linataka kitambaa kikubwa zaidi. Nimefungua injini za malori yaliyozoeshwa hivyo. Ringi zilitoka vipande vipande kama vigae. Na kwa gari lenye hita za kwenye silinda, mvuke ule ukikuta hita ina moto, mlipuko unarudi kwa yule aliyeinamia chujio. Aliyeinama pale kwa kawaida ni utingo.

La pili ni mtelemko. Usiku lori linalazwa mahali palipoinama, jiwe mbele ya tairi, ili asubuhi liserereke na kuwaka kwa gia. Njia hii imeokoa wengi, nami nimeitumia. Lakini fikiri: lori la breki za upepo lililolala usiku mzima likivuja upepo, asubuhi matangi yake ni matupu. Linapoanza kuserereka halijawaka, na mpaka liwake likajaza upepo, halina breki ya mguu. Wakati huo nani yuko mbele ya tairi akilitoa jiwe? Kama ni lazima, jiwe lifungwe kamba, livutwe kwa mbali kutoka pembeni, na njia ya mbele iwe wazi hadi chini kabisa. Kama mbele kuna nyumba, au soko, au watoto wanaokwenda shule, basi siku hiyo lori litavutwa na lingine au litalala.

La tatu mmekwisha kulisikia. Liko mkononi mwangu.

Baridi ya kweli ipo nchini mwetu, na wako wasikilizaji wanaotoka hapa kuifuata pamoja na mbao na viazi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo kule Makete unapita mita 2,600; Juni na Julai majani ya Kitulo huamka meupe kwa sakitu. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta ya Zambia, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, yalipita nyanda hizo za Iringa, Makambako na Mbeya, na wenyeji wa njia ile wanajua baridi isiyo na utani. Ukienda huko na lori la Tabora, kumbuka kwamba rejeta yako huenda ina maji matupu. Maji yakiganda yanatanuka, na yakitanuka ndani ya bloku chuma kinapasuka. Weka kulanti kabla hujaondoka. Kama huna, jioni fungua maji yote, asubuhi jaza ya uvuguvugu kwanza, kisha ya moto. Ukimimina ya kuchemka kwenye chuma kilichoganda unaweza kukipasua wewe mwenyewe. Dizeli nayo ina nta ndani yake. Baridi ikizidi nta inajitenga na kuziba filta, dereva anafikiri pampu imekufa. Filta mpya na tangi lisilo na maji ni nusu ya safari ya Makete. Na kama gari lako lina taa ya hita kwenye dashibodi, ingoje izimike ndipo upige stata. Nimewaona madereva wengi wanaoshindwa kuingoja taa ile, halafu wakakaa saa nzima wakitafuta watu wa kusukuma.

Lakini turudi njia yetu. Lori linalotoka Manyoni kuja Tabora kwa Itigi, Chaya, Tura na Nyahua linapita mle mle walimopita wapagazi. Pori lile kati ya Ugogo na Tura ndilo walilokuwa wakiliita Mgunda Mkali, maji ya shida, mchana unaunguza na usiku wa kiangazi unatetemesha. Pagazi wa Kinyamwezi alilivuka na frasila 2 hivi begani, kilo 30 na ushei, katika safari ya miezi mitatu na zaidi kutoka Bagamoyo. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani hapa hapa Tabora, mwaka 1857, ameeleza jinsi kirangozi alivyokuwa akisimama kambini jioni, watu wakiwa bado wanaota moto, na kutangaza safari ya kesho. Kila mtu alilala akijua ataamkia nini. Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa mjukuu wa wapagazi, na alikuwa na neno lake moja gereji: lori huwashwa jioni.

Jioni, injini ikiwa bado ya moto, ndipo unapoona oili inatokea wapi na mpira upi umelegea. Jioni ndipo tangi lijazwe, maana tangi tupu usiku hutoka jasho kwa ndani, na jasho hilo ni maji yatakayoshuka chini ya dizeli. Jioni fungua kibomba chini ya filta utoe maji yaliyokusanyika, hasa kama ulinunua dizeli ya kwenye pipa njiani. Usililaze lori likiwa limeinua kichwa, maana ukifanya hivyo unaisaidia dizeli kurudi tangini. Pitisha mkono kwenye vichwa vya betri uone kama vimelegea. Zima redio, zima taa ya kabini. Najua naongea redioni, lakini usiku wa manane betri yako inaihitaji nguvu hiyo kuliko unavyonihitaji mimi. Yote hayo ni robo saa ya mtu aliyechoka, nakubali. Nimekuwa mtu huyo aliyechoka.

Na likiwaka asubuhi, usilipigie resi. Oili iko chini kwenye bakuli, inapanda. Liache kwenye sailensa dakika chache, tazama mshale wa presha ya oili, tazama upepo wa breki unavyojaa, kisha ondoka taratibu kwa gia ndogo. Kuliacha likinguruma saa nzima nako hakuna faida. Linakunywa dizeli na silinda hazipati joto la kutosha.

Yule kijana tulimwekea wosha mpya za shaba, zote, na kipande cha mpira. Usiku wa pili nikamwambia alale tena hapo hapo, tuone. Alfajiri sikutoka nje. Nilikuwa kitandani, nikasikia mlango wa kabini, nikasikia pampu ya mkono ikipigwa mara tatu tu na kukataa, maana haikuwa na upepo wa kutoa. Halafu stata: ngu-ngu, na injini ikashika. Nilipotoka na mswaki mdomoni, lori lilikuwa likinguruma chini ya mwembe na dereva ameegemea mlango akitazama mshale. Zile kuni zilikuwa bado pale kando ya tairi, zina umande. Mama wa vitumbua akauliza kutoka ng'ambo ya barabara kama zina mwenyewe. Utingo akazikumbatia zote kwa mara moja, akampelekea hadi jikoni, akarudi na vitumbua vinne kwenye kipande cha gazeti, viwili akampa dereva wake.